Dakika Kumi kwa Kila Dini

Mimi ndiye Myahudi wa Brackenshaw. Sisemi mmoja wa Wayahudi, nasema Myahudi. Zamani tulikuwa familia za kutosha kugombana, na sinagogi letu lilikuwa nyuma ya kiwanda cha sufu. Kisha vijana wakahamia Leeds na Manchester, wazee wakahamia kule tunakohamia sote, na jengo likageuzwa ukumbi wa mazoezi ya viungo. Mke wangu Ruth alipofariki, nikabaki peke yangu. Kwa hiyo Baraza linapotaka maoni ya Wayahudi wa mji huu, mimi hujiuliza, nikajijibu, na mara nyingi hatukubaliani.

Baraza ninalolisema ni lile linaloangalia kama shule za hapa zinafundisha elimu ya dini inavyopasa. Kila halmashauri ya Uingereza ina lake, kwa sheria, na watu wengi huzaliwa na kufa bila kujua kwamba lipo. Sheria yenyewe haina fumbo. Kila mtoto aliyeandikishwa shule, tangu anapoanza hadi anapomaliza, afundishwe habari za dini, ya kwao na za wenzake, isipokuwa mzazi akimtoa. Hafundishwi kuamini, anafundishwa kuelewa. Kazi yetu ni kuangalia kama jambo hilo linafanyika. Tatizo ni kwamba tuliumbwa bila meno. Hatuwezi kukanyaga shule yoyote bila kualikwa, hatuwezi kumwadhibu mwalimu mkuu, na tukikasirika sana tunaandika taarifa.

Hukutana kila muhula katika ukumbi wa halmashauri, chini ya picha za mameya waliokwisha kufa, tukiwa makundi manne. Kanisa la Anglikana lina kundi lake, walimu lao, madiwani lao. Kundi letu ni la wengine wote: Wamethodisti, Wakatoliki, Waislamu, Masingasinga, na mimi. Kila kundi lina kura moja tu, hata liwe na watu wangapi. Kwa hiyo panapotakiwa kura, Waanglikana hukaa kwenye viti vyao wakitazama saa, na sisi hujikusanya pembeni, karibu na birika la chai, kukubaliana kwanza dunia nyingine yote inasema nini.

Mwenyekiti wetu ni Winifred Tattersall, Mmethodisti, anayemwita kila mtu "kipenzi", hasa wale asiowapenda. Katika miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kuona taarifa ya Baraza yenye neno kali. Zote huanza namna moja: "Baraza lilifurahishwa." Tumefurahishwa na shule zilizofundisha vizuri na shule zilizofundisha ovyo. Ndivyo tulivyo huku kwetu. Mtu akikupa chai na keki, huwezi kutoka hapo ukamwandikia kwamba hafanyi kazi yake.

Shule iliyotufurahisha kuliko zote ilikuwa sekondari ya Hagg Lane, na sababu ilikuwa Siku ya Dini Zote. Mwalimu mkuu, Colin Partridge, hutualika kila Machi, na siku hiyo tu. Ukumbi wa michezo hupangwa meza kuzunguka kuta, kila dini na meza yake, na wanafunzi hupita kwa makundi. Dakika kumi kwa kila dini, kisha mwalimu anapuliza filimbi na kundi linasogea. Parveen Mirza, mwenye duka la dawa, huleta tende na Kurani juu ya marufaa yake ya mbao ya kuchonga. Joginder Bansal, Singasinga wetu, huwafunga wavulana vilemba, na wavulana humpenda kuliko sisi sote. Winifred huleta biskuti, kwa kuwa Wamethodisti hawana kitu kingine cha kushika mkononi.

Mimi nilikuwa naleta vinara viwili vya Ruth, mkate wa kusuka na maji ya zabibu. Nilikuwa nawaeleza watoto kuhusu Sabato, nasoma baraka ya mkate kwa Kiebrania, nawaambia kwamba desturi yetu ni anayesikia baraka kuitikia Amina, na asiyetaka anyamaze tu, hakuna kosa. Walikuwa wanaitikia. Watoto thelathini, Amina, hadi mwangwi unarudi kutoka kwenye nyavu za mpira wa kikapu. Nitasema wazi jambo hili lilikuwa nini kwangu, maana bila hilo hadithi haina uzito. Kwetu baadhi ya sala hazisaliwi mpaka wapatikane Wayahudi kumi. Brackenshaw hakuna kumi, hakuna hata wawili. Kila Ijumaa jioni nasoma baraka jikoni kwangu, na friji ndiyo inayonguruma. Hagg Lane ilikuwa siku moja katika mwaka mzima nilipobariki mkate nikajibiwa.

Sasa sikiliza kilichotokea mwaka huu.

Kundi la pili kutoka mwisho kabla ya chakula cha mchana lilikuwa la kidato cha nne. Nilimaliza maneno yangu, Amina ikaitikiwa, nikaanza kukata mkate. Msichana mmoja, Maisie Duckworth, ambaye nimemwona kwenye meza yangu tangu ana miaka kumi na mmoja, hakuchukua kipande.

"Mwaka jana ulituambia hivi hivi," akasema.

"Mkate haujabadilika tangu mwaka jana."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Najua. Na mwaka juzi pia. Mimi nauliza kinachofuata."

"Kinachofuata wapi?"

"Bibi yangu alikufa Januari. Kwa Bi. Mirza nimeambiwa wafu wanangoja siku ya hukumu. Bwana Bansal anasema mtu huzaliwa tena. Bi. Tattersall amesema bibi yuko na Yesu, kisha akanipa biskuti. Wewe unasemaje?"

"Pole sana, mwanangu. Sisi kwenye hilo tuna maneno mengi na hakuna aliyefunga mjadala. Wako wanaosema kuna ufufuo, wako wanaosema..."

"Ndiyo, sawa. Lakini mtu anapimaje?" Alikuwa ameegemea meza kwa mikono yote miwili. "Kila meza inaniambia inavyoamini. Hakuna meza inayoniambia nitafanya nini na hayo yote. Najuaje nani ana hoja na nani anasema tu?"

Filimbi ikalia. Nilimjibu haraka haraka, kama daktari ambaye wagonjwa wamempangia foleni.

"Swali zuri hilo. Muulize mwalimu wako wa dini."

"Hatuna."

"Kila kidato kina mwalimu wa dini. Ni sheria."

"Sisi hatujapata kipindi hata kimoja tangu tuingie kidato cha nne," Maisie akasema, akibeba begi lake. "Tuna nyinyi."

Akaenda kwenye meza ya Wakatoliki. Kundi lililofuata likaja, na mimi nikawaambia kuhusu Sabato, lakini sikujisikia nikisema.

Mwalimu wa dini wa Hagg Lane yupo, namjua. Ni Bethan Hollis, mwanamke wa Wales mwenye sauti ndogo, na ndiye hasa aliyekuwa anapuliza filimbi. Watoto walipokwenda kula nilimkuta akikunja meza. Nikamshikia meza upande wa pili.

"Mwalimu Hollis, ni kweli kidato cha nne hakina kipindi cha dini?"

Alitazama mlango kwanza. "Wala cha tano. Nafundisha jiografia sasa. Na kusimamia michezo, Jumatano. Dini nimebakiwa nayo kwa wadogo tu, na Septemba hata hiyo itaingizwa kwenye dakika za mwalimu wa darasa za kuita majina. Bodi ya shule inakaa Mei kupitisha ratiba. Ikipita hivyo, hakuna tena kazi yangu hapa."

"Na sheria?"

"Mwalimu mkuu anaiambia Bodi kwamba sheria inatimizwa. Kuna Siku ya Dini Zote, na Baraza lenyewe kila mwaka linaandika kwamba limefurahishwa."

Niliiacha meza. Ilimwangukia kidogo mguuni, masikini.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningemwambia nani, Bwana Abelson?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mnakuja, mnaniuliza meza zenu ziko wapi. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza nafundisha nini."

Nilikuwa bado nalitafuna hilo tulipoitwa ofisini kwa chai. Keki ilikuwa ya limau. Partridge ni mtu mrefu, mwenye meno mazuri, na anajua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa hadi akajiona anang'aa. Alitushukuru mmoja mmoja. Alipofika kwangu akaniwekea mkono begani.

"Sidney, watoto wanakuabudu, ingawa najua kwenu hilo haliruhusiwi. Nawaambia watu wote: mwalimu mmoja angefanya nini mbele ya hawa? Nyinyi ndio elimu ya dini ya shule hii."

Wote wakatabasamu. Hata Bansal, ambaye si mtu wa kutabasamu bila sababu. Partridge alikuwa ametusifu tu, na hapo hapo akawa ameungama mbele ya mashahidi, wala hakujua. Tulikuwa tumetumwa kukagua masomo, na masomo yalikuwa sisi wenyewe. Mwaka baada ya mwaka tumekwenda pale tukajitazama, tukajipenda, tukajipa alama za juu, tukatia sahihi. Nyani haoni kundule, sawa, lakini hata nyani hajaandikia kundule taarifa ya pongezi.

Parveen ndiye hunirudisha nyumbani kwa gari lake siku kama hizo. Alikuwa na furaha, tende zote zilikuwa zimekwisha. Nilimwambia nilichosikia tukiwa bado kwenye maegesho. Alizima injini.

"Kwa hiyo unataka tuandike nini?"

"Kwamba vidato viwili havifundishwi dini. Kwamba siku moja ya maonyesho si mafundisho."

"Sidney, wewe unajua kule dukani kwangu kijana alinitemea mate mwaka jana. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Leo mtoto wa kiume, mkubwa tu, ameniuliza kama anaweza kugusa hijabu yangu. Nikamwambia gusa. Akagusa pembe yake hapa, akasema, 'Kumbe ni kitambaa tu.'" Alinigeukia. "Unajua mimi nilitamani kulia? Mtoto huyo hajawahi kuongea na Mwislamu ambaye hayumo kwenye televisheni. Na wewe unataka niandike kwamba haikuwa kitu."

"Sikusema haikuwa kitu."

"Umesema maonyesho."

Akawasha gari. Hatukuongea tena mpaka kwangu, na yeye na mimi si watu wa kunyamaza; kwa kawaida hubishana njia nzima kuhusu nani aliyeanza kukataza nguruwe. Nilishuka nikiwa nimebeba vinara vya Ruth kwenye mfuko, nikijiona nimemkosea rafiki, na pia nikijua kwamba nina haki. Ni hali mbaya sana, kuwa na haki.

Baraza lilikaa wiki moja kabla ya Bodi ya Hagg Lane. Madiwani walileta mtu mmoja tu, na huyo alisema mapema kwamba yeye atakaa katikati, kwa kuwa uchaguzi uko karibu. Partridge alikuja, akaketi kwenye viti vya wageni, amevaa tai yenye nembo ya shule. Winifred alisoma taarifa kama alivyoiandaa: Baraza lilifurahishwa na Siku ya Dini Zote, na limeridhika kwamba Hagg Lane inatimiza wajibu wake.

Nikainua mkono nikasema niliyoyasikia. Sikumtaja Mwalimu Hollis wala Maisie. Nilisema tu kwamba nimeuliza, na ninaomba Baraza limuulize mwalimu mkuu, hapa alipo, kama kidato cha nne na cha tano wana kipindi cha dini, ndiyo au hapana.

Watu wakatazama picha za mameya. Ilikuwa kama nimevua viatu mbele za watu soksi zikaonekana zimetoboka. Huku kwetu swali la ndiyo au hapana ni utovu wa adabu.

"Kipenzi," Winifred akaniambia taratibu, "hilo pengine tungelizungumza kwenye chai."

"Tumekunywa chai ya kutosha, Winifred."

Partridge alisimama. Hakudanganya, nampa haki yake. Alisema walimu hawatoshi, masaa hayatoshi, wazazi wanataka hesabu na sayansi, na kwa maoni yake siku moja ya kukutana na watu hai ni bora kuliko mwaka mzima wa vitabu. "Lakini nisikilizeni vizuri," akasema, na meno hayakuonekana tena. "Mkiandika kwamba Siku ya Dini Zote si mafundisho, mimi sitaweza kuitetea kwa Bodi. Nitalazimika kurudisha vipindi, na siku ile itakwisha. Siwezi kuwa na vyote viwili. Chagueni."

Kasisi wa Anglikana akasema kundi lake linakataa taarifa kama ilivyo. Sheria ni sheria. Walimu wakasema wanaikubali. Msemaji wao hucheza gofu na Partridge kila Jumapili, lakini huenda ni bahati tu. Diwani akakaa katikati kama alivyoahidi. Ikawa kura moja dhidi ya moja. Ikabaki ya kwetu.

Tukaenda kwenye birika la chai.

"Mimi nitamfunga nani kilemba sasa?" Bansal akauliza. Alisema kwa mzaha, lakini mkono wake ulikuwa kwenye ndevu, na hapo si mzaha. "Wajukuu zangu wananyoa, hawafungi tena. Wale watoto wa Hagg Lane ndio walionisimamia wima kama askari nikiwazungushia kitambaa."

Mkatoliki wetu akasema yeye atafuata wengi. Wakatoliki wetu siku zote hufuata wengi, wana mazoea ya kuwa na bosi.

"Mwamba ngoma huvutia kwake," Parveen akasema, akinitazama mimi. "Na mimi ninavutia kwangu, sioni aibu. Sidney, mwalimu yule akirudishiwa vipindi, atawafundisha Uislamu kutoka kwenye kitabu. Nguzo tano, ramani ya Makka, mtihani. Nani atawaacha waguse?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi watagusa kitambaa wakiwa na miaka kumi na mmoja, na kumi na mbili, na kumi na tatu, kila mwaka kitambaa kile kile, na akitokea mmoja anayetaka kujua kilichomo kichwani mwa aliyekivaa, filimbi inalia." Sauti yangu ilikuwa imepanda, nikaishusha. "Parveen, kuna mtoto pale amefiwa na bibi yake. Ametuzunguka meza zote. Kila mmoja wetu amemuuzia ya kwake, nami nikiwemo, halafu tukamwambia asogee. Hakuna aliyekaa naye."

Winifred alikuwa ameshika kikombe kitupu. "Mimi nilimpa biskuti," akasema.

Parveen hakuniachia. "Na wewe je? Sema ukweli wako mwenyewe, sio wa mtoto. Siku hiyo ikifa, unabaki na nini? Mimi nina msikiti umejaa. Joginder ana hekalu. Wewe una nani wa kukuitikia?"

Sikujua kwamba alikuwa analijua hilo. Sijawahi kumwambia. Nadhani miaka yote aliniona kutoka meza ya pili, jinsi ninavyofumba macho ile Amina inapokuja.

"Sina mtu," nikasema. "Wala sitampata. Wale watoto ndio waliokuwa sinagogi langu, Parveen, na sikuwa na haki ya kuwafanya hivyo. Walikuja shule kusoma. Hawakuja kuniondolea mimi upweke."

Nyuma yetu mtu wa kundi la walimu alikohoa, ile ya kutuharakisha.

"Mimi bado naona unakosea nusu," Parveen akasema hatimaye. "Lakini kama wewe unaiacha, mimi nitang'ang'ania kwa uso gani?"

Bansal akaitikia kwa kichwa. Mkatoliki akawafuata wengi. Winifred alirudi kwenye kiti chake, akachukua kalamu, akakata mstari wa kwanza wa taarifa. Akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, tuandike nini badala yake. Kasisi akasema, "Andika kinachofanyika na kisichofanyika." Akaandika hivyo. Ilikuwa fupi kuliko taarifa zetu zote. Hakumwita mtu yeyote kipenzi mpaka tulipofunga.

Partridge alinipita mlangoni bila kunipa mkono. Bodi ilikaa, ikasoma, ikaogopa, kama bodi zinavyopaswa. Vidato viwili vya juu vilirudishiwa saa moja ya dini kwa wiki, Bethan Hollis akabaki, jiografia ikatafutiwa mtu mwingine. Siku ya Dini Zote ikafutwa. Partridge alitimiza neno lake pande zote mbili, na siwezi kumlaumu.

Oktoba ulikuja mwaliko, wa kwanza katika historia yetu usiokuwa wa maonyesho: mjumbe mmoja wa Baraza aje akae nyuma ya darasa, aangalie kipindi cha kawaida. Winifred alinituma mimi. Nafikiri ilikuwa adhabu, au tuzo. Kwa Winifred vitu hivyo hufanana.

Nilipewa kiti kando ya kabati la vitabu. Sikuwa na mfuko, sikuwa na kitu cha kuonyesha. Lilikuwa darasa la kidato cha tano, na Mwalimu Hollis alikuwa amewagawia kisa kimoja cha kubishania: ni Sabato, Myahudi mshika dini anaona nyumba ya jirani inawaka moto, na kuuzima ni kazi iliyokatazwa. Afanye nini, na kwa hoja gani? Alisema hivyo, akakaa juu ya meza, akanyamaza. Ile sauti ndogo haikuwa na haja ya kuwa kubwa.

Walianza ovyo. Mvulana mmoja akasema sheria ni sheria, aiache iungue. Mwingine akasema basi sheria hiyo ya kijinga. "Kijinga si hoja," Mwalimu Hollis akasema. "Inalinda nini?" Mikono mitatu ikainuka. Wakasema inalinda pumziko. Pumziko la nani? La wote, hata mtumwa. Sasa aliyemo ndani ya nyumba inayowaka anapumzika? Nilikuwa natokwa jasho. Majibu yote nilikuwa nayo. Wenye hekima wetu walilijadili jambo hili kwa karne nyingi, na mimi nililifundishwa nikiwa mdogo kuliko wao, kwa fimbo. Nilikohoa. Mwalimu Hollis alinitazama mara moja tu, kwa upole, kisha akageuza macho, nami nikaufunga mdomo.

Maisie Duckworth alikuwa dirishani. Alisikiliza kwa muda mrefu kabla ya kuinua mkono.

"Sheria imewekwa ili watu waishi kwayo," akasema. "Ukiishika mpaka mtu akafa, umeishika au umeivunja?"

Nilizishika pande za kiti. Hilo, karibu neno kwa neno, ndilo jibu la wazee wetu. Hakuambiwa na mtu. Alikuwa amelifikia kwa miguu yake mwenyewe, kutoka upande wa mbali kabisa, kwa sababu kuna mtu aliyemwachia muda wa kutembea. Yule mvulana wa kwanza alimpinga, naye akarudisha, na alipoendelea akakosea jambo moja, akachanganya Sabato na siku yetu moja ya mfungo.

Kengele ikalia wakiwa katikati ya ubishi. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Hakuna aliyejua kwamba mle chumbani alikuwamo mmoja wa hao waliokuwa wakizungumzwa, au kama walijua, hawakuwa na haja naye. Iliniuma, nisikufiche. Iliniuma kama anavyoumia mzazi mtoto anapovuka barabara bila kumshika mkono.

Maisie alipita karibu na kabati, bado anabishana, akanikanyaga mguu, akasema "samahani" bila kuangalia ni nani, akaendelea na sentensi yake. Ilikuwa sentensi kuhusu watu wangu, na bado ilikuwa na kosa lile lile. Niliisikia ikiondoka naye koridoni, ikizidi kuwa ndefu, wenzake wakiikatiza, naye akiianza upya. Nilikaa pale mpaka sikuisikia tena, na sikumwita arudi.